Rubani Alitoa Mji Gani?

Kitendawili kitangulie, hadithi itafuata nyuma yake kama kifaranga. Shamba langu ni kubwa, halina mhogo wala mgomba, na kila mwaka humla mmoja wa wakulima wake.

Mtu wa Rumonge hana haja ya kukuna kichwa. Ni ziwa. Hicho ndicho kitendawili Mwanahamisi alichomtegea mvuvi Uledi siku ya kwanza alipokuja kuposa, na Uledi, kwa kutaka kuonekana hodari, alijibu hata kabla mwenzake hajafunga mdomo.

"Ziwa!"

"Umepata," akasema Mwanahamisi, na mchi wake ukaendelea kuponda chikichi kinuni. "Basi umejijibu mwenyewe. Uende salama, ndugu yangu. Usalimie nyumbani."

Uledi alishukuru, akaondoka akitabasamu. Alikuwa amekwisha pita soko na msikiti ndipo akatambua kwamba amekataliwa.

Haikuwa kwamba mwanamke huyu alikuwa na moyo mgumu. Mume wake wa kwanza, Idi, alikwenda kuvua ndagala, wale dagaa wa ziwani, upepo wa kusini ukaamka, na kesho yake mtumbwi ukarudi peke yake, ukijigonga gonga mchangani kama mtu anayebisha hodi. Tangu hapo Mwanahamisi hakutia hata kidole cha mguu ziwani. Maji ya kupikia alichota mtoni. Alikamua mawese chini ya michikichi yake, akayauza, akala jasho lake, na mtu yeyote mwenye harufu ya samaki akija na maneno matamu, alirudishwa na kitendawili.

Na katika vitendawili hakuna aliyemweza. Unajua desturi: ukishindwa kutegua, unaambiwa "nipe mji", nawe unautaja mji mmoja, ukiutoa zawadi, ndipo yule aliyetega anasema jibu. Mwanahamisi alikuwa amekwisha pewa Ujiji, Uvira, Usumbura, Kigoma, Tabora, na hata Unguja, aliyopewa na Mzee Abdulhamid kwa uchungu mkubwa. Kandokando ya ziwa zima, mji aliokuwa hajaupata ulikuwa Rumonge yenyewe, maana hakuna mtu mwenye akili anayegawa mji anaolala.

Uledi hakukata tamaa. Alirudi Ijumaa iliyofuata, amevaa kanzu safi, amejipaka mafuta.

"Bi Mwanahamisi, mimi nakupenda. Na sivui tu, mimi nashika kafi la nyuma. Mutumbwi nikiushika mimi, unafika."

"Hata Idi alishika kafi la nyuma."

"Basi unataka mutu gani?"

"Mutu wa ardhini. Alime, apande muchikichi, afe kitandani kama mutu mwenye adabu." Akamwangalia Uledi, mwembamba vile, mikono mirefu, hajui jembe linashikwa upande gani, na roho yake ikalainika kidogo. Kwa hiyo akafanya mzaha. "Ao mutu wa angani. Wa ardhini ao wa angani. Wa maji, hapana."

Neno likitoka mdomoni halina kamba ya kulivutia. Mwanahamisi alisahau mzaha ule kabla mawese hayajachemka. Uledi alikwenda nalo nyumbani, akalala nalo.

Huo ulikuwa mwaka wa vita vya wazungu. Upande huu wa ziwa walikaa Wadachi, na upande wa Kongo, nyuma ya ile milima ya bluu, walikaa Wabelgiji, nao walitukanana kwa mizinga. Rumonge palikuwa na kituo kidogo tu: Luteni mmoja mwenye miwani, askari wachache, na koplo wao, Ombasha Radjabu, mtu wa Tabora, mwenye tumbo la kupigia ngoma na kofia nyekundu asiyoivua hata akioga, kwa sababu chini yake kulikuwa na upara ambao watu wote waliujua na hakuna aliyeruhusiwa kuujua.

Siku moja mchana ikasikika sauti kutoka ziwani, kama nyuki waliofungiwa ndani ya mtungi. Watu wakatoka nje. Wakaona ndege. Mabawa yake yamenyooka, hayapigi. Miguu yake ni mitumbwi miwili. Mgongoni kwake ameketi mtu, na mtu huyo amevaa macho makubwa ya vioo kama ya kerengende. Kuku wote wa Rumonge waliingia chini ya vitanda. Ombasha Radjabu alipiga bunduki, akaua papai. Ndege akazunguka mara moja, akatazama, akaona hapana cha maana, akarudi Kongo.

Watu walilala chini, wengine wakaomba, wengine wakapiga vigelegele wakidhani ni sherehe. Uledi peke yake alibaki amesimama, mdomo wazi.

"Kuna mutu," akasema. "Juu kule, kuna mutu. Mutu wa angani."

Siku ya soko Ombasha akapanda juu ya kinu kilichopinduliwa, akapiga filimbi.

"Sikilizeni! La kwanza. Ndege ya Wabelgiji ikija, kila mtu alale kifudifudi. Hakuna kushangilia! Nimesikia vigelegele, na mwenye vigelegele namjua. La pili. Bwana Luteni anataka rubani. Rubani wa vita! Awe na macho makali, asiwe mwoga. Nimemaliza."

Akashuka, akaenda kununua karanga, akawaachia watu lile neno katikati ya soko.

Rubani! Pwani neno hilo lina watu wake, lakini Rumonge mtu aliyekaa nyuma ya mtumbwi alikuwa mshika kafi, na aliye mkubwa zaidi alikuwa nahodha. Watu wakamgeukia Mzee Abdulhamid, mshona kanzu, aliyefika Unguja ujanani mwake na tangu hapo hakuwahi kurudi kabisa.

"Rubani si nahodha," akasema Mzee Abdulhamid, sindano mdomoni. "Nahodha ana chombo. Rubani huitwa kukiongoza chombo pale ambapo njia haionekani."

"Haionekani?" akauliza Asmani, mpanda michikichi. "Lakini ziwani kwetu njia inaonekana, Mzee. Huku mwamba, kule matete, hapa katikati unapita. Hata Uledi anaiona."

"Ndiyo."

"Basi mahali pasipo na njia kabisa ni wapi?"

Mwuza karanga akainua macho. Mwuza chumvi naye akainua macho. Mwisho soko zima lilikuwa linatazama juu.

"Angani!" akalia Asmani. "Wadachi wamepata ndege yao, wanatafuta mutu wa kuiendesha!"

Mzee Abdulhamid akatoa sindano mdomoni. Angeweza kusema hapana. Lakini mtu aliyefika Unguja hawezi kufundishwa neno la pwani na mpanda michikichi mbele ya watu. "Hilo ndilo nililokuwa nakwenda kusema," akasema. "Mmenikata maneno."

"Na kwa nini wasiende wenyewe?" akauliza mwuza chumvi.

"Wewe! Muzungu na mabuti yale! Ndege anataka mutu mwepesi."

Hapo soko zima likateremsha macho kutoka mbinguni, likayaweka juu ya Uledi, ambaye tangu utoto walimwita Ganda la Ndagala kwa wembamba wake. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake wembamba ule ulikuwa mali. Uledi alikuwa amekwisha anza kukimbia.

Alimkuta Ombasha anatafuna karanga. Na sikiliza vizuri mazungumzo yao, kwa maana watu wawili wanaweza kula sahani moja, mmoja akiita kuku na mwingine akiita samaki, mpaka mfupa uwakwame.

"Bwana Ombasha! Rubani wako ni mimi."

"Wewe? Huogopi?"

"Naogopa kitu kimoja tu, na hicho hakiko vitani, kiko chini ya michikichi kinaponda chikichi."

"Hm. Vizuri. Chombo chetu kimefichwa Kigwena, msituni, tumekifunika matawi ili Wabelgiji wasikione. Tunakwenda Kigoma."

"Na kina...?" Uledi akanyoosha mikono yake miwili, kulia na kushoto.

"Kina, mawili. Makubwa. Tumeyapaka matope."

"Na kinaruka?"

"Kikipata upepo?" Ombasha akacheka. "Kinaruka kama mbuzi aliyechomwa mkuki!"

Uledi akaishusha mikono. "Na... kikianguka?"

"Kikipinduka, kila mtu na Mungu wake. Jumatatu alfajiri. Uje na chakula chako."

Ombasha alikuwa anasema habari za mashua yenye matanga mawili. Uledi alisikia mabawa. Wakashikana mikono, wote wawili wamefurahi.

Basi, namna ya kuwa rubani wa vita. Rumonge hakuna aliyeijua, kwa hiyo kila mtu akaifundisha.

Mzee Abdulhamid akasema rubani asile ugali, maana ugali wa mihogo hukaa tumboni kama jiwe na ndege atainama upande mmoja, ale supu. Mwuza chumvi akasema supu ni maji, na maji ndiyo mazito. Ale mabawa ya kuku tu. Mabawa yakapatikana. Jirani akasema angani kuna baridi, ajipake mawese mwili mzima. Mwingine akamletea unyoya wa korongo aufunge kichwani, ili ndege amwone ni ndugu. Uledi alikubali yote. Alishinda akitembea Rumonge anang'aa kama andazi, ana njaa, na unyoya unacheza kichwani.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakumwambia mtu. Uledi, aliyecheka katikati ya mawimbi, alikuwa anaogopa kwenda juu. Hata juu ya paa la nyumba yake alimtuma mwenzake.

Asmani ndiye aliyeligundua, kwa sababu somo la kupanda lilikuwa lake. Alimfunga Uledi ule mkanda wa kamba wa wapanda michikichi, akamsukuma juu ya mti. Uledi akapanda kidogo, akakumbatia shina, akafumba macho.

"Nimefika mawinguni?" akauliza.

"Umefika kimo cha mbuzi," akasema Asmani. "Mbuzi mufupi."

"Upepo ni mukali huku!"

"Ni mimi napumua, Uledi. Kichwa changu kiko kwenye matako yako. Panda!"

Michikichi hiyo ilikuwa ya Mwanahamisi, na Mwanahamisi alikuwa palepale chini, anachemsha mawese yake, midomo ameibana ili asicheke. Siku ya kwanza aliibana. Siku ya pili alishindwa, akaketi chini, akajifunika kanga usoni, mabega yakawa yanacheza.

Uledi aliona kicheko kile, na kicheko cha mwanamke unayempenda ni ngazi. Akapanda. Shina amelikumbatia, kipande kwa kipande, mpaka akafika chini ya makuti, penye vishada vyekundu.

"Nimefika!"

"Sasa utage!" akapiga kelele Mzee Abdulhamid kutoka chini. "Rubani wa vita hutaga mayai ya moto! Chuma chikichi, pale chini kuna chungu kibovu, ndiyo Kigoma, ilenge!"

"Kigoma ni kwetu, Mzee!" akasema Asmani. "Tunakwenda kupiga kwetu?"

"Basi chungu ni Wabelgiji! Tupa!"

Uledi akachuma chikichi, akatupa huku macho ameyafumba. La kwanza lilianguka mgombani. La pili likamwangukia Mzee Abdulhamid aliyetoa amri. Kisha kishada chote kikakatika kwa uzito wa hofu yake, kikashuka moja kwa moja, kikakosa Wabelgiji, kikaingia katika sufuria ya Mwanahamisi. Mawese yakaruka, yakamvika Asmani kutoka kichwani mpaka magotini kanzu mpya ya rangi ya machweo.

"Yoooo!" akalia Asmani.

"Nimepiga?" akauliza Uledi kutoka juu.

Walicheka mpaka wapita njia wakasimama. Mwanahamisi pia alicheka, halafu akamtazama yule mtu mwembamba aliyening'inia juu kama popo. Aliona jinsi mikono yake ilivyoshika kamba, na vidole vimekuwa vyeupe. Aliona kwamba anaogopa sana. Na kwamba Jumatatu atakwenda.

Jumapili jioni, jua likiwa bado juu ya milima ya Kongo, akamfuata.

"Uledi, acha mambo haya."

"Ulisema mutu wa angani."

"Nilisema angani kwa sababu hakuna mutu huko!"

"Sasa yuko," akasema Uledi.

Mtu aliyezoea kusema kwa mafumbo, siku akihitaji neno la wazi halipati. "Kitendawili," akasema Mwanahamisi.

"Tega."

"Nilimufukuza mulangoni, sasa ninamuchungulia njiani."

Uledi akafikiri. Akafikiria mbwa, akafikiria moshi, akafikiria deni. Njaa ya mabawa ya kuku ilimzidi. "Nimeshindwa."

"Nipe muji."

"Nakupa Kigoma."

"Kigoma ninayo," akasema Mwanahamisi, na sauti yake ilikuwa kali. "Na siitaki. Sitaki mutu yeyote aende Kigoma." Akageuka, akaenda zake, jibu hakulisema. Hilo lilikuwa halijatokea kamwe Rumonge, mtu kukataa mji.

Jumatatu alfajiri Uledi alifuatana na Ombasha, Luteni, askari na wapagazi wa masanduku. Alikuwa amejipaka mawese upya. Unyoya ulikuwa mahali pake. Ombasha alimtazama mara mbili.

"Unakwenda ngomani?"

"Baridi, Bwana Ombasha. Ya juu."

Ombasha akadhani anasema upepo wa juu, yaani wa kusini, akaona huyu kweli anaijua kazi.

Walipofika Kigwena, pale msitu unaposhuka karibu na maji, askari wakaanza kuondoa matawi. Uledi akasogea mbele. Tawi la kwanza, la pili. Ikaonekana pua ya mti. Ukaonekana mlingoti. Yakaonekana matanga mawili, yamekunjwa, yana matope.

"Ndege iko wapi?" akauliza Uledi.

"Ndege gani?"

"Ndege yangu."

Ombasha akamtazama, akautazama unyoya, akayatazama mawese. Kitu kikaanza kutikisika tumboni mwake, kikapanda mpaka mabegani. Alijaribu kumweleza Luteni kwa Kidachi, akashindwa, akapiga mikono yake kama mabawa, akamwonyesha Uledi kwa kidole. Luteni alicheka mpaka miwani ikamwanguka, na askari wawili wakapiga magoti kuitafuta mchangani, nao wanacheka.

Uledi hakucheka. Alisimama pale na mafuta yake. Njia nzima kutoka Rumonge alikuwa amejifariji: nitaogopa, lakini nitarudi mtu wa angani. Sasa angerudi vilevile, mtu wa maji, na Rumonge nzima ingejua. Na yeye angejua.

"Rubani," akasema Ombasha, akijifuta machozi, "chombo ni hiki. Panda."

Akapanda. Angefanya nini? Aliketi mbele, kwenye pua, mahali anapokaa mtu wa kuonyesha njia, na alipoona maji tu mkono wake ukajua kazi yake. Kulia kidogo, mwamba. Sasa kushoto. Sasa nyoosha. Mashua ikapita salama, matanga yakafunguliwa, na kweli, ikipata upepo iliruka kama mbuzi yule. Uledi aliona aibu hata kufurahi.

Hawakuwa wameondoka mbali na pwani, bado unaweza kuwahesabu watu mchangani, ndipo ikasikika ile sauti ya nyuki ndani ya mtungi.

"Laleni!" akapiga kelele Ombasha. "Wote kifudifudi!"

Wote wakalala, Luteni juu ya masanduku na askari chini ya mbao za kukalia. Ombasha alilala kifudifudi kama alivyoagiza, lakini kwa ajili ya tumbo akawa anabembea. Uledi hakulala. Uledi alisimama juu ya pua ya mashua, akainua uso. Huyu hapa. Mabawa yamenyooka, miguu ya mitumbwi, na mgongoni yule mtu wa macho ya kerengende. Yule ndiye aliyekuwa anakwenda kuwa. Akaung'oa unyoya kichwani, akaupunga.

"Mwenzangu!" akaita. "Mwenzangu weee!"

Mtu wa juu akamwona. Pengine alishangaa, kwa sababu hajawahi kupungiwa mkono na mashua ya Wadachi. Lakini vita ni vita. Akainama, akatoa kitu cheusi, akataga.

Yai lilianguka majini mbele ya pua. Maji yakasimama wima kama mti, mti mkubwa kuliko mchikichi wowote wa Rumonge, na kileleni mwa mti huo, mikono ameifungua kulia na kushoto, aking'aa kwa mawese, alikuwa Uledi.

Akapita mlingoti. Aliona vitu vingi kule juu, na aliviona polepole. Aliona kofia nyekundu ya Ombasha imeanguka na upara wake unang'aa. Aliona msitu wa Kigwena kwa juu, kama ukoka. Aliona mchanga, na juu ya mchanga mwanamke mmoja, mikono kichwani. Akashangaa kwamba haogopi hata kidogo. Akasema moyoni, kumbe ndiyo hivi. Halafu mti ukavunjika, akashuka.

Maji yakamfunga juu. Kukawa kimya, kijani, na samaki waliopita karibu yake tumbo juu, kama watu waliosikia habari mbaya. Alikwenda chini mbali, mpaka mahali ambapo maji ni baridi. Kisha mawese na wembamba vikafanya kazi yao. Ganda la ndagala halizami. Akatokea juu kama kizibo, akakohoa, akatapika nusu ya ziwa.

Mashua ilikuwa imesukumwa na wimbi mpaka ndani ya matete, salama, imejaa maji. Luteni na watu wake walikuwa wanashuka, wanahesabiana, hakuna askari aliyekosekana, wakaamua kwamba kwa leo Kigoma itafikiwa kwa miguu. Na pwani yote ilikuwa inakimbia. Kutoka msituni, kutoka mashambani, watu na vikapu, watu na vyungu, watu na nguo wamezishika ncha. Uledi akaona fahari: wamekuja kumwokoa! Wakampita kushoto na kulia. Walikuwa wanakimbilia samaki. Maji yalikuwa meupe kwa matumbo ya kuhe, sangala na mikeke.

"Uledi!" akaita Asmani, kikapu kimejaa mpaka ukingoni. "Muambie rafiki yako arudi tena!"

Mtu mmoja tu hakubeba kikapu. Mwanahamisi, aliyewafuata kwa miguu kutoka Rumonge tangu alfajiri, alikuwa anakuja moja kwa moja, maji magotini, maji kiunoni, maji kifuani, kanga inaelea nyuma yake. Akamshika Uledi ukosi, akamvuta kama mtumbwi.

"Mwanahamisi," akasema Uledi, meno yanagongana, "uko majini."

"Najua niko wapi!"

Alimvuta mpaka mahali pa kusimama. Pale Uledi akasimama, maji yanamtoka puani, na akaamua kusema yote kabla mwingine hajamwambia. "Nisikufiche. Ilikuwa mashua. Mashua tu, na matanga. Nilielewa vibaya. Mimi ni mutu wa maji, nilikwenda majini, na nimerudi na maji."

Watu waliokuwa karibu waliacha kuokota samaki, maana hata sangala ana saa yake.

"Nilikuona," akasema Mwanahamisi. "Ulikuwa juu ya mulingoti. Rumonge yote hakuna mutu amefika pale."

"Nilirushwa."

"Kuku naye anarushwa, na tunasema ameruka." Akamfuta matope usoni kwa ncha ya kanga, kwa nguvu, kama anayesugua sufuria. "Na mimi nilikuwa nafikiri mambo ya ziwa. Idi lilimutaka, likamukalia. Wewe limekuchukua mpaka chini, nimeona, nimehesabu pumzi zangu nikadhani zimekwisha. Limekuonja, halafu limekutema. Uledi, ziwa halikutaki."

"Pole," akasema Uledi.

"Pole ya nini, mujinga? Mwanaume ambaye ziwa halimutaki, ndiye huyo nilikuwa namutafuta!"

Vigelegele vikapigwa, na safari hii Ombasha, aliyekuwa anatafuta kofia yake mateteni, hakumkataza mtu.

"Lakini kitendawili bado," akasema Mwanahamisi, akainua kidole. "Nilimufukuza mulangoni, sasa ninamuchungulia njiani. Ulishindwa. Kigoma nilikataa. Nipe muji."

Uledi akafikiri. Alitazama kaskazini, ambako moshi wa jikoni za watu ulikuwa unapanda juu ya michikichi. Miji mingine yote alikuwa nayo.

"Nakupa Rumonge," akasema.

"Ee!" akaruka Asmani. "Na sisi tulio ndani?"

"Na nyinyi mulio ndani."

Mwanahamisi akaupokea mji kwa mikono miwili, kwa heshima, kama anavyopokea mtu sahani ya chakula. Kisha akafanya kama desturi inavyotaka, akasimulia safari yake. "Nikaenda Rumonge, nikafika Rumonge. Watu wake wazuri, mawese yao mazuri zaidi, ya kwangu mimi. Nikamukuta mutu mulangoni pangu, mwembamba, amevaa kanzu safi, ananuka samaki. Nikamufukuza. Alipokwenda nikatoka nje, nikachungulia njia kama anarudi." Akamnyooshea kidole. "Jibu ni wewe."

Harusi ilikuwa na samaki wengi kuliko wageni. Mzee Abdulhamid alimshonea bwana arusi kanzu, na kila aliyeuliza alimwambia kwamba neno rubani ni yeye aliyelifundisha. Kabla kiangazi hakijakolea Wadachi walifunga masanduku yao, wakaondoka, wakaja Wabelgiji. Watu wa Rumonge waliokuwa wamechelewa kutoa kodi hawakujua sasa wampe nani, na Mwanahamisi aliwaambia waziwazi kwamba mji ni wake, wamletee yeye.

Lakini kabla hayo hayajatokea, wiki moja baada ya harusi, nyuki walisikika tena ziwani. Watu wote wakalala kifudifudi, kama walivyoamriwa. Uledi peke yake alibaki amesimama uani, amekinga macho kwa mkono, na mkono wa pili ulikwisha anza kupanda ili upunge.

Mwanahamisi, aliyelala chini karibu na kinu, akamvuta upindo wa kanzu.

"Lala chini, rubani," akasema. "Zamu yako imekwisha."